Mjadala: Himaya ya Galaksi ilikuwa na jeshi la kuvamia, haikuwa na jeshi la kukaa

MLETA MADA

Wakuu, kila ikitajwa Himaya ya Galaksi ya kwenye filamu za Star Wars, maongezi hukimbilia angani: manowari za pembe tatu, Death Star (kile kituo cha angani cha kulipua sayari), ndege zinazofukuzana. Askari wa miguu hutajwa kwa kuchekwa tu, kwamba hata ukuta ulio mbele yao wangeukosa. Kicheko hicho kimetufunga macho. Hoja yangu ni kwamba Himaya iliangushwa na jeshi lake la ardhini, na shabaha haihusiki. Jeshi lile liliundwa kuvamia, na likishavamia halikujua la kufanya.

Tuimalize kwanza hiyo shabaha. Filamu ya 1977 inaanza na wale wa deraya nyeupe wakiingia kwenye meli ya Leia, kiongozi wa waasi, kupitia mlango mmoja mwembamba, na ndani wanasubiriwa na walinzi waliokwisha kuelekeza bunduki mlangoni. Kwa askari wa miguu hakuna mahali pabaya kuliko hapo. Wanapoteza wachache, wanaisafisha korido, kazi imekwisha. Baadaye ndani ya Death Star wanakosa kila kitu, lakini Leia mwenyewe anasema wameachiwa watoke, na kweli meli waliyotorokea ilikuwa imetegwa kifaa cha kuifuatilia hadi kambi ya waasi. Anayetaka kuendelea na utani wa shabaha aendelee, ila si hapa.

Twende Hoth, sayari ya barafu kwenye The Empire Strikes Back, 1980. Waasi wamejichimbia kwenye barafu chini ya ngao ya nishati ambayo mizinga ya manowari haiwezi kuipenya. Admirali Ozzel analeta meli karibu mno, waasi wanashtuka, ngao inawashwa, na Vader, mkubwa wake, anamnyonga kwa uzembe huo. Kazi inaangukia kwa Jenerali Veers: shusha AT-AT, yale madude ya miguu minne, nje ya ngao, ingia nayo kwa kutembea chini ya ngao, lipua jenereta. Akalipua. Kwa hiyo anayesema mwenye manowari hana haja ya askari wa miguu, jibu lake liko pale. Ila tazama kinachoendelea wakati huohuo. Meli za uchukuzi za waasi zinaruka moja baada ya nyingine, na mzinga wa ioni unaipooza manowari iliyokaa njiani. Hakuna kikosi kilichozunguka nyuma ya kambi. Veers akateka mahandaki ambayo wenyewe walikuwa wanaondoka. Ushindi wa namna hiyo unapendeza kwenye ripoti.

Endor, ule mwezi wa misitu kwenye Return of the Jedi, 1983, ni balaa zaidi. Kaizari Palpatine anajigamba kwamba legioni nzima ya askari wake bora inawasubiri waasi, na kweli inawasubiri: makomando wanakamatwa palepale kwenye jengo la jenereta. Mtego umefanya kazi. Kisha wenyeji wa msitu, Ewok, viumbe wadogo kama dubu, wanatokea na mishale, mawe na magogo, na legioni inasambaratika. Himaya ilikaa pale muda wa kutosha kujenga ngao ya kufunika Death Star ya pili nzima, na hakuna dalili kwamba afisa yeyote alijua wenyeji ni wangapi, wanaishi wapi, wana mitego gani, au nani kati yao anasikilizwa. Jeshi la kukaa lingejua hayo kwa kupiga doria tu na kuongea na watu.

Na hapo ndipo penye shida ya hesabu. Mwaka 1995 mtafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, James Quinlivan, alichapisha uchambuzi wa idadi ya askari wanaohitajika kutuliza nchi. Kwa uasi mzito kama wa Malaya na Ireland Kaskazini alipata kiasi cha askari 20 kwa kila wakazi 1,000. Mwongozo wa jeshi la Marekani wa 2006 kuhusu kupambana na uasi ukataja kiwango hichohicho. Sasa chukua sayari ya watu bilioni 8. Unahitaji askari milioni 160, na hiyo ni sayari moja. Zikiwaka 1,000 kwa mpigo, ni askari bilioni 160, bila kuhesabu wapishi na madereva.

Swali langu basi: Himaya ingeweza kuunda jeshi la kukaa, au tangu siku ya kwanza ilikuwa inatawala kwa mkopo? Karibuni. Hoja kwa hoja.

MCHANGIAJI 1

Mkuu, hesabu yako umeitandaza pasipo pake. Hiyo 20 kwa 1,000 ni ya nchi inayowaka moto. Jamii tulivu inalindwa na polisi wawili watatu kwa kila watu 1,000, tena wenyeji wenyewe.

Angalia Roma. Augusto alikuwa na legioni 28. Jemadari wake Varus akapoteza tatu msitu wa Teutoburg, Ujerumani, mwaka 9 B.K., zikabaki 25. Jumlisha vikosi vya wasaidizi, unapata kama askari 300,000 kwa dola lenye watu milioni 50 au 60. Ni watano au sita kwa 1,000, na wengi wao wako mipakani, Rhine, Danube, Syria. Kuna miji ya ndani iliyokaa vizazi bila kuona legioni. Himaya haikuwa na haja ya kumweka askari kila kichochoro. Ilihitaji askari wa akiba wanaofika haraka, na hiyo ndiyo kazi ya meli ziendazo kasi kuliko mwanga. Mrumi angetoa nini apate kitu kama hicho!

MLETA MADA

Kufika haraka nakubali. Wanafika wangapi? Vitabu vya mwongozo vya Star Wars vinasema manowari ya daraja la Imperial hubeba askari 9,700 wa deraya nyeupe. Washushe wote kwenye ile sayari ya bilioni 8: askari mmoja kwa watu zaidi ya laki nane. Wanatosha kuteka ikulu, bandari ya anga na kituo cha matangazo. Kesho yake asubuhi wanafanya nini?

Na mabomu ya kutoka juu hayajibu swali hilo. Mwaka 1999 NATO iliipiga Yugoslavia kutoka angani siku 78 bila kupeleka jeshi la ardhini vitani. Mabomu yalipokoma, ikabidi wanajeshi kama 50,000 waingie kukaa Kosovo, mahali penye watu kama milioni 2. Piga hesabu mwenyewe uone inakaribia kiwango kipi.

MCHANGIAJI 2

Mimi bado nimekwama Hoth, mnisamehe. Nani aliidhinisha AT-AT?

Chombo chenye urefu unaopita mita 20, uzito wote juu ya nyayo nne, na kikipiga hatua nyayo zinapungua. Tumbo liko hewani, shingo iko wazi, mizinga yote inaangalia mbele. Vifaru vya minyororo viliingia vitani mara ya kwanza mwaka 1916 kule Somme kwa sababu hiihii: utandaze uzito, uvuke matope na mahandaki, ukae chini usionekane. Wahandisi wa Himaya wakaenda kinyume kabisa. Matokeo tunayaona: mmoja anafungwa miguu kwa kebo anaanguka kifudifudi, mwingine analipuliwa na Luke, mpiganaji wa waasi, kwa kutupiwa bomu tumboni. Mtu mmoja kwa mguu!

Kuna utetezi mmoja naukubali. Vyombo vinavyoelea hewani vilisumbuliwa na baridi ya Hoth, hata waasi walihangaika kuzoesha ndege zao ndogo za theluji. Kwa hiyo kitu cha kugusa ardhi kilihitajika. Lakini kugusa ardhi siyo lazima kwa vijiti vinne.

MLETA MADA

Mkuu, hapo umenisaidia bila kukusudia. Lile dude limejengwa lionekane. Mwasi analiona likiwa bado mbali, anasikia ardhi inatetemeka, na anapata muda mrefu wa kuogopa. Kama silaha ya kumkatisha tamaa mtu aliye kwenye handaki ni kazi safi sana. Kama chombo cha kupiga doria mtaani kwa miaka kumi, ukitafuta anayeficha bunduki chini ya kitanda, halina maana yoyote. Jeshi lote lilinunuliwa vifaa kwa akili hiyo.

MCHANGIAJI 2

Siyo lote. Nenda Jedha, mji ulio kwenye filamu ya Rogue One, 2016. Pale Himaya ina kifaru cha kawaida kabisa, cha minyororo, kinapita mtaani kimebeba makreti ya fuwele. Kuna askari kwenye kona, kuna ukaguzi wa vitambulisho, kuna manowari imening'inia juu ya mji mchana kutwa. Hilo ni jeshi linalokaa, mkuu, utake usitake. Na kifaru kikashambuliwa na watu wa Saw Gerrera, kiongozi wa kundi la waasi, kwenye uchochoro, wafuasi wakitokea madirishani na juu ya paa. Kukaa kwenyewe hakukuwasaidia. Walipomaliza kuchota fuwele wakaiondoa manowari, wakaufuta mji mzima kwa Death Star.

Hiyo ndiyo mifano unayopaswa kuijibu, siyo Hoth.

MCHANGIAJI 3

Naomba niingie, maana naona kaka zangu mmezama kwenye vyuma na idadi.

Mchangiaji wa kwanza kaleta Roma, mfano mzuri, lakini kasimulia nusu. Roma iliweza kukaa na askari watano kwa 1,000 kwa sababu kazi ya kutawala waliifanya watu wengine. Wakubwa wa kila mji ndio waliokusanya kodi, wakaamua kesi, wakajenga mabafu, na kwa malipo walipata uraia na heshima. Baraza la mji lilikuwa linafanya kazi ya legioni nzima, bila posho ya kijeshi.

Himaya nayo ilikuwa na kitu hicho. Kilikuwa kinaitwa Seneti. Kila sayari ilikuwa na mtu wake pale, hata kama sauti yake ilikuwa imeshakuwa ya kupiga makofi tu. Mkubwa wa sayari alikuwa na pa kupeleka lalamiko, pa kutafuta kandarasi, pa kumtafutia mwanawe nafasi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuruhusu uasi nyumbani kwake, atauzima mwenyewe kabla hujatuma askari hata mmoja. Hizo ndizo legioni zilizokuwa hazionekani kwenye bajeti.

Sasa kumbukeni kile kikao cha maafisa kwenye filamu ya 1977. Tarkin, mkuu wa Death Star, anaingia anatangaza kwamba Seneti imevunjwa. Afisa mmoja, mwenye akili kuliko wote waliokaa mezani, anauliza mara moja: sasa Kaizari atadhibitije bila urasimu ule? Jibu analopewa ni kwamba magavana wa mikoa watatawala moja kwa moja, na hofu ya kituo hiki itawanyoosha waliobaki. Siku hiyo Himaya ilifukuza legioni zake za bure zote, nafasi yao ikawekwa silaha moja. Na ile silaha ikalipuliwa na waasi kule Yavin filamu hiyohiyo ikiwa haijaisha.

Kwa hiyo, mleta mada, nakubaliana na wewe nusu. Uchache wa askari ulikuwepo siku zote na haukudhuru. Ulianza kudhuru siku ile.

MCHANGIAJI 1

Dada, nimekusoma vizuri, lakini unaipuuza hofu kupita kiasi. Death Star ya kwanza ingepona Yavin, nani angenyanyua kichwa?

MCHANGIAJI 4

Wa kunyanyua kichwa wapo siku zote. Ngoja nilete mfano usio wa sinema.

Afrika Mashariki ya Kijerumani, koloni la watu milioni kadhaa. Kufikia 1914 jeshi lake, Schutztruppe, lilikuwa na askari Waafrika kama 2,500 na Wajerumani kama 260. Kwa kipimo cha Quinlivan hao hawatoshi hata mkoa mmoja. Walitawala kwa kuwatumia maakida na majumbe kukusanya kodi na kusimamia kilimo cha pamba cha lazima. Yaani mfumo ni uleule dada aliousema, ila bila heshima kwa wanaotumika.

Mwaka 1905 Maji Maji ikalipuka kusini. Serikali haikuwa na askari wa kuwasambaza kila kijiji. Ikachoma mashamba, ikachoma maghala, ikaacha njaa imalize kazi. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 na kufika hadi 300,000, wengi kwa njaa. Uasi ukaisha 1907.

Mtu akisoma hapo atasema: unaona, hofu inafanya kazi, Death Star ilikuwa sahihi. Asome ukurasa unaofuata. Gavana Götzen akaondoka 1906, akaja Rechenberg, na sera yake ilikuwa kulegeza, kupunguza kulazimisha watu, kuhimiza wakulima walime kwa faida yao. Walioshinda kwa njaa ndio waliobadilisha namna ya kutawala, kwa sababu koloni lenye mashamba yaliyochomwa halilipi. Tarkin angekuwa gavana pale asingeelewa kwa nini makao makuu wanamnunia.

MCHANGIAJI 5

Mbona hamjagusa kloni, wale askari wa kuzalishwa kiwandani walioitangulia Himaya? Attack of the Clones, 2002: wenye kiwanda cha Kamino wanasema vikosi 200,000 viko tayari na milioni moja zaidi vinakuja. Kuna wanaosema "kikosi" hapo ni askari mmoja mmoja, na hapo ndipo kichekesho. Askari milioni 1.2 kupigania galaksi! Umoja wa Kisovieti peke yake uliwaingiza jeshini watu zaidi ya milioni 30 kwenye Vita ya Pili ya Dunia. Wengine wanasema kikosi ni kundi kubwa, hesabu ikapanda. Mimi niko upande wa pili, kwa sababu ule wa kwanza hauingii akilini hata kwa hadithi.

Lakini nataka kusema jambo lingine. Kloni walikuwa jeshi ambalo halina nyumbani. Hawana kijiji, hawana mama wa kuulizwa habari za mtoto, hawakai wakajiuliza kwa nini wanampiga mtu wa kwao. Himaya ikawaacha ikaanza kuandikisha watu wa kawaida kutoka sayari mbalimbali, na hilo lilionyeshwa vizuri kwenye mfululizo wa The Bad Batch kuanzia 2021. Kwa gharama inaeleweka, kurutu ni rahisi kuliko kumkuza mtu kwenye chupa miaka kumi. Ila tangu siku hiyo jeshi likaanza kuwa na ndugu mtaani.

MCHANGIAJI 6

Yote haya, na mlipigwa na dubu wenye mawe. Haya, endeleeni.

MCHANGIAJI 7

Nimesubiri mtu afike alipofika mchangiaji wa tano, maana hapo ndipo hoja ya mleta mada inapogeuka na kumng'ata.

Mleta mada anataka jeshi linalokaa, linalojua majina ya watu, linaloongea na wenyeji. Vizuri. Jeshi hilo tumeliona, liko sayari ya Aldhani kwenye mfululizo wa Andor wa 2022. Kambi ndogo kwenye bwawa, inalinda mishahara ya robo mwaka ya sekta nzima. Wenyeji, Wadhani, wamesukumwa kutoka nyanda zao za juu hadi mabondeni, na wanaruhusiwa kurudi kuhiji kwenye bonde lao takatifu wakati wa vimondo, wachache kila mara. Kamanda anawadharau. Lakini kuna luteni mmoja, Gorn, aliyekaa pale kiasi cha kumpenda mwanamke wa Kidhani. Alimpoteza, akageuka, na ndiye aliyewasaidia waasi kutoka ndani kuifikia hazina.

Kukaa ndiko kulikomgeuza. Askari anayeshuka kutoka kwenye AT-AT, anapiga, anapanda, anaondoka, hana muda wa kumpenda mtu. Himaya ilijua hivyo. Ndiyo maana kofia zile hazionyeshi uso. Ndiyo maana hawakai mahali. Unachokiita udhaifu wa jeshi lile mimi nakiita kinga.

MLETA MADA

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizokuja, na nitaijibu kwa Roma, maana mmeileta wenyewe.

Warumi waliliona tatizo hilo. Askari wa legioni hakuruhusiwa kuoa kisheria, katazo lililodumu hadi enzi ya Kaizari Septimius Severus. Lakini nje ya kila kambi kulikuwa na makazi, na kwenye makazi kulikuwa na wanawake na watoto wa askari, na kila kamanda alijua. Hawakupigana na hali hiyo, wakaitumia. Msaidizi aliyetumikia miaka 25 alipewa uraia. Wa legioni alipata shamba au fedha akistaafu. Kwa hiyo askari aliyempenda mwanamke wa Syria akabaki Syria, akalima, mwanawe akaenda kujiandikisha palepale. Mapenzi yaleyale yaliyomgeuza Gorn yaliipa Roma vizazi vya askari.

Gorn angepewa nini na Himaya kama angevumilia miaka 25? Sioni popote ahadi ya namna hiyo.

MCHANGIAJI 7

Roma hiyohiyo ilimwamini Arminius, mkuu wa wasaidizi, mwenye uraia wa Kirumi na cheo. Akazipeleka legioni tatu za Varus msituni. Uraia haukumzuia.

MLETA MADA

Kweli kabisa, na bado Roma ikaendelea kuwapa wasaidizi uraia kwa karibu karne mbili baadaye. Walipima, wakaona Arminius mmoja hafuti faida ya maelfu waliotulia.

MCHANGIAJI 2

Kuhusu ahadi, mmenikumbusha Mimban, sayari ya matope kwenye filamu ya Solo ya 2018. Kijana Han Solo anajiandikisha akitaka urubani, anafukuzwa chuo cha marubani, tunamkuta miaka mitatu baadaye ni askari wa miguu kwenye matope, moshi umetanda, afisa anapiga kelele ya kusonga mbele na hakuna anayejua mbele kuna nini. Kwenye jeshi lile matope ya askari wa miguu ndiyo yaliyokuwa pa kumtupia aliyeshindwa kwingine. Deraya nyeupe, sifa na gwaride vinaenda kwa wengine, yeye anapata koti lililolowa. Han anauliza ni kwa nini wapo pale, na jibu analopata halina maana yoyote kwake. Akapata upenyo akatoroka. Nani angebaki?

Nilianza upande wa vyuma, lakini nikitazama Mimban naona hata ungewapa vifaru bora kuliko vyote, wale watu hawakuwa na sababu ya kukaa ndani yake.

MCHANGIAJI 3

Na sasa muone Himaya iliamua kuwatumiaje watu wa namna hiyo. Sayari ya Ghorman, msimu wa pili wa Andor, 2025. Himaya inataka madini yaliyo chini ya sayari, na inahitaji kisingizio. Watu wanakusanyika uwanjani wanaimba. Wanaotolewa mbele kuwakabili ni askari wabichi, wasio na uzoefu, wanatolewa makusudi. Kisha mdunguaji wa Himaya yenyewe anampiga mmoja wa askari hao ili ionekane raia wameanza. Mauaji yanafuata, na roboti zinaingizwa kumalizia.

Fikirini hapo ni nini kimetokea kwa jeshi. Kurutu amegeuzwa chambo. Uhai wake una thamani kwa Himaya pale tu anapokufa mbele ya kamera. Mleta mada anauliza kama Himaya ingeweza kuunda jeshi la kukaa. Serikali inayompiga risasi askari wake mwenyewe ipate habari za jioni haina mpango wa kumlipa kiinua mgongo.

Halafu kwa mchangiaji wa pili, kuhusu Jedha: wale hawakuwa wamekaa kwa ajili ya kutawala Jedha. Walikuja kuchota fuwele. Mlinzi wa mgodi na jeshi la kukaa ni vitu viwili, hata wakisimama kona moja mwaka mzima.

MCHANGIAJI 2

Dada, hilo la Jedha nimelipokea.

MCHANGIAJI 1

Mimi hamjanishawishi. Mnalaumu jeshi kwa makosa ya wanasiasa. Kila mahali jeshi la ardhini lilipopewa lengo, lililipata: meli ya Leia ilitekwa, jenereta ya Hoth ililipuliwa, makomando wa Endor walikamatwa. Kazi ya kutuliza watu haikuwa yao. Himaya ilikuwa na mpango wa kutuliza watu, mpango huo ulikuwa hofu, na ukaharibiwa na tundu moja la kutolea joto ambalo mhandisi aliliacha makusudi. Lizibe tundu lile, na galaksi inakaa kimya miaka 100 na askari haohao mnaowadharau. Alderaan, sayari iliyolipuliwa na Death Star, ilitosha kuwa funzo.

MLETA MADA

Tuseme tundu limezibwa, mkuu, na kituo kimepona. Mwaka unaofuata gavana wa sekta anatakiwa apeleke kodi, nafaka, vyuma na makurutu kama kawaida. Alderaan ilikuwa moja ya sayari tajiri za kati. Nieleze, safu ya Alderaan kwenye daftari lake ataijaza nini?